Gari Ni Langu, Betri Ni ya Nani?

Siku hizi ukikaa kwenye kijiwe cha madereva, wawe wa bajaji, wa teksi au wa bodaboda, mazungumzo ya vyombo vya umeme hayakosi kuibuka. Na akitokea mgeni mwenye daftari, swali lake huwa moja: kwa nini nyie madereva mnaogopa mabadiliko? Madereva wanacheka. Mmoja atatupa utani kuhusu kupigwa shoti, mwingine atachukua kitambaa afute kioo kisicho na vumbi. Mgeni anaandika kwamba elimu bado inahitajika, anafunga daftari, anakwenda zake.

Mimi naona swali hilo limepinda. Dereva wa Dar es Salaam haogopi mabadiliko, na ushahidi uko barabarani. Gesi asilia ya Songosongo ilifika jijini mwaka 2004. Petroli ilipozidi kubana, madereva wakaanza kufunga mitungi ya gesi kwenye magari na bajaji zao. Hawakusubiri kubembelezwa. Kufikia mwaka 2024 walikuwa wanapanga foleni ndefu kwenye vituo vya gesi, wengine wakisinzia kwenye usukani. Mtu anayeogopa mabadiliko hapangi foleni ya namna hiyo. Alipiga hesabu, akaona inalipa, akabadilika.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu wa daftari wanalipita mbio. Ukifunga mtungi wa gesi kwenye teksi, tangi la petroli linabaki pale pale. Gesi ikikosekana, unarudi kwenye petroli, maisha yanaendelea. Na mtungi ukishaulipia ni wako; hakuna mtu wa kukaa ofisini akaufunga wewe ukiwa katikati ya Daraja la Tanzanite.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hebu tuliweke swali upya. Je, kitu ni chako kweli kama mtu mwingine anaweza kukizima? Na kama si chako, ni haki kukudai ukinunue kwa faida ya watu wote?

Zipo hofu za kawaida, na hizo zina majibu. Umeme ukikatika itakuwaje? Kweli, kuanzia miezi ya mwisho ya 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 tulikuwa kwenye mgao, na hakuna aliyesahau jinsi kinyozi alivyokuacha na kichwa nusu. Lakini mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliwashwa Februari 2024, na bwawa lile limejengwa kwa ajili ya megawati 2,115. Chaji inachukua muda? Inachukua, ila usiku bajaji nyingi zimelala tu uani. Betri inachakaa? Inachakaa, na injini nayo inachakaa. Mota ya umeme haina plagi, haina kabureta, haina oili ya kumwaga kila baada ya muda. Hesabu hizi madereva wanazijua. Wengine wanazijua kuliko sisi tuliomaliza kidato cha nne na Fizikia yetu ya kukariri.

Hofu ngumu ni ile isiyosemwa mbele ya mgeni. Inahusu mkataba.

Kwa asiyejua, vijana wengi wa bajaji na bodaboda hawaanzi na chombo chao. Wanaanza na chombo cha tajiri. Kila jioni unapeleka hesabu. Mvua imenyesha, abiria hakuna, unaumwa malaria, hesabu ni hesabu. Ila mkiandikiana mkataba, kuna siku ya mwisho. Baada ya mwaka au zaidi ya kupeleka hesabu bila kukosa, tajiri anakukabidhi kadi, chombo kinakuwa chako. Siku hiyo watu wananunua soda. Wengine wanaandika jina la mtoto nyuma ya bajaji. Usiicheke siku hiyo. Kwa kijana asiye na cheti wala mjomba ofisini, huo ndio mlango pekee wa kutoka kwenye kupeleka na kuingia kwenye kubaki nacho.

Dereva mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa makamo, nilimwamkia nikamuuliza kuhusu bajaji za umeme. Akanijibu, "Marahaba. Dogo, mimi umeme siuogopi, nyumbani nautumia. Mimi nauliza kitu kimoja: mkataba wake unaisha lini?"

Nikamwambia sijui, inategemea kampuni.

"Basi ukijua, njoo tuongee."

Sisi tunaojifunza kuandika riwaya tunajua kwamba mhusika anaposema anaogopa kitu, mara nyingi kile anachokiogopa kiko hatua moja nyuma ya kile alichokitaja. Huyu mzee hatua hiyo aliitaja waziwazi.

Chanzo cha swali lake ni hiki. Katika chombo cha umeme, kitu kimoja cha ghali kuliko vyote ni betri. Ukiuza pikipiki pamoja na betri yake, bei inapanda mpaka kijana wa kijiweni anaikimbia. Ndipo makampuni yakabuni njia: pikipiki unanunua wewe, betri inabaki ya kampuni. Chaji ikipungua unaenda kituoni, unaacha betri iliyokwisha, unachukua iliyojaa, unalipa, unaondoka kwa dakika chache. Mtindo huu umeenea Kigali na Nairobi, na una uzuri wake. Husubiri chaji, na betri ikichoka si mzigo wako. Lakini betri hizi zina mawasiliano ndani yake. Mwenye nayo anajua iko wapi, na zipo zinazoweza kuzimwa kwa mbali malipo yakichelewa. Siku ya kukabidhiwa kadi inafika, unanunua soda, halafu kesho yake unagundua kwamba ulichomiliki ni fremu, matairi na taa. Ule moyo wa chombo bado unaupelekea hesabu, na mkataba wa moyo hauna siku ya mwisho.

Mtu anaweza kusema nakuza mambo. Basi tutazame waliotutangulia, maana gari la umeme si kitu cha jana. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alivuka kasi ya kilomita 100 kwa saa, wa kwanza kufanya hivyo akiwa ndani ya gari, na gari lake lilikuwa la umeme. Petroli ilikuja kulishinda umeme baadaye, na sababu mojawapo ni kwamba mwaka 1912 gari la Cadillac liliwekewa stata, watu wakaachana na kuwasha injini kwa kuzungusha handeli. Yaani umeme ulisaidia kuuzika umeme.

Ulipofufuka, ulifufuka na swali la mzee wetu. Mwaka 1996 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa gari la umeme lililoitwa EV1, likaanzia majimbo ya California na Arizona. Yalitengenezwa yapata 1,100. Waliolipata wengi walilipenda kupita kiasi. Ila halikuuzwa hata moja, lilikodishwa tu. Mwaka 2003 kampuni ikafunga mradi, ikasema haulipi na spea zitakuwa tabu, ikaanza kuyakusanya magari. Madereva wakaomba kuuziwa. Mwaka 2005 watu walikesha nje ya uwanja wa kampuni mjini Burbank, ambako magari 78 ya mwisho yalikuwa yamewekwa, wakaahidi kuyanunua yote kwa jumla ya dola milioni 1.9. Kampuni ikakataa. Karibu yote yalipelekwa kusagwa, machache yakaingia makumbusho yakiwa yameshalemazwa yasiweze kutembea. Wale hawakuwa masikini, na hawakuwa na deni. Walikuwa na hela mkononi na bado hawakuwa na sauti, kwa sababu karatasi waliyosaini tangu mwanzo ilisema kitu si chao.

Kisa cha pili kinatuhusu zaidi. Mwaka 2007 Shai Agassi alianzisha kampuni iliyoitwa Better Place, ikafanya kazi zaidi Israel na Denmark. Mpango wake ndio huu huu wa bodaboda za leo: gari unanunua, betri ni ya kampuni, ukiishiwa unaingia kituoni inabadilishwa kwa dakika kama tano. Wawekezaji waliiamini, wakamwaga fedha karibu dola milioni 850. Mei 2013 ikaomba kufilisiwa. Wanunuzi wakabaki na magari yao kihalali kabisa, ila betri ndani yake zilikuwa mali ya kampuni mfu. Waliweza kuchaji nyumbani, lakini vituo vya kubadilisha vilipofungwa, safari ndefu ikafungwa navyo. Kama mwenye gari zuri na familia nzuri Ulaya au Israel aliachwa njia panda, mwenye bodaboda ya Mbagala ajifariji kwa kitu gani?

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna pingamizi, na ni zito. Msomaji mkali atasema: wewe kijana, unadhani mwenye petroli yuko huru? Petroli inatoka ng'ambo kwa meli. Bei kikomo inatangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na dereva hana kura. Vita ikilipuka mbali huko, nauli inatikisika Gongo la Mboto. Uhuru gani huo?

Nakubali, huo si uhuru kamili. Lakini kuna tofauti kati ya kutegemea soko na kutegemea mtu mmoja. Kituo hiki kikiniudhi, naenda cha pili. Nikiwa na buku mbili, naweka ya buku mbili. Pikipiki ikizima, fundi wa chini ya mwarobaini ataifungua kwa spana namba kumi na maneno mengi, na kesho nitamlipa. Hakuna anayeniuliza nywila. Hata LUKU, ambayo watu waliilalamikia ilipoanza, ina heshima moja: uniti zikiisha, taa inazimika kwa sababu umetumia ulichonunua. Nyumba yako haihami. Betri ya kampuni moja, yenye plagi ya kampuni moja, inayobadilishwa kwenye vituo vya kampuni hiyo hiyo, inakufunga kwa kamba moja tu. Na anayeshika ncha ya pili humjui.

Kwa hiyo mimi nasema dereva anayeuliza mkataba unaisha lini anauliza swali la maadili, na ni swali kubwa. Anauliza mali ni nini.

Nimelizungusha kichwani kwa muda, na jibu langu ni hili. Mali ni kitu ambacho una amri juu yake na unakijibia. Vyote viwili kwa pamoja. Ng'ombe wangu nikitaka namchinja, nikitaka namfuga. Lakini akiingia shamba la jirani, naitwa mimi. Nikitaka amri bila kujibia, mimi ni mnyonyaji. Nikibebeshwa kujibia bila amri, mimi ni mtumwa, hata kama kadi ina jina langu. Kampuni inayomwachia dereva hasara zote za barabarani, mvua, ajali na siku za kukosa abiria, huku yenyewe ikibaki na swichi, inataka amri bila kujibia. Hapo dereva ana haki ya kusema hapana, na aitwe mwenye akili.

Lakini kisu hiki kinakata pande mbili, na upande wa pili vijiweni hatupendi kuugusa.

Moshi nao ni wa nani?

Ukisimama stendi yoyote saa kumi na mbili jioni, utaona jinsi tunavyougawa. Daladala linanguruma mahali lilipo, konda anaita abiria, moshi unatoka nyuma mweusi unakwenda moja kwa moja kwa mama lishe aliyeinamia sufuria yake. Mwanaye yuko mgongoni. Hakuna kati yao aliyesaini mkataba na dereva. Hawapati nauli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 uchafu wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 duniani. Si moshi wa magari peke yake, upo wa viwanda, wa taka na wa kuni. Lakini wa magari umo, na mapafu hayachagui. Nikisema injini ni yangu, kelele yake ya asubuhi ni raha yangu, hela yake ni yangu, halafu moshi wake ni wa mama lishe, nami nimetaka amri bila kujibia. Nimefanya kile kile ninachomlaumu mwenye betri.

Ndiyo maana simwungi mkono dereva anayesema "tungoje tu" akamaliza hapo. Kungoja kuna anayekulipia. Kila mwaka tunaongoja, mtoto wa mgongoni anaulipa kwa kifua chake, na hakuulizwa kama ana nafasi ya kungoja.

Sasa tumefika mahali pagumu kweli. Wajibu wa kuacha moshi upo. Lakini mwenye wajibu huo ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote, na chombo anachoonyeshwa kinamnyang'anya kile alichokihangaikia. Afanye nini?

Wengi hutuonyesha Norway. Kule mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme mtupu. Ukisikia hivyo unaweza kudhani Wanorway walizaliwa na roho nzuri kuliko sisi. Sivyo. Serikali yao ilianza kuyaondolea magari ya umeme ushuru wa kuingiza mwaka 1990, mwaka 1997 ikayasamehe tozo za barabara, mwaka 2001 ikayaondolea kodi ya ongezeko la thamani, na baadaye ikayaruhusu kupita njia za mabasi. Dereva wa Oslo aliambiwa: ukitenda wema, utabaki na hela. Akatenda. Tena Norway ni nchi inayouza mafuta na gesi nje kwa wingi. Usafi wa barabara zao umesimama juu ya hazina iliyojazwa na kile ambacho sisi tunaambiwa tukiache. Siwatukani. Nasema tu kwamba walielewa jambo moja: anayedai wema kwa niaba ya wote, abebe na gharama yake kwa niaba ya wote.

Kwetu Afrika kuna wanaokwenda kwa amri. Ethiopia mwaka 2024 ilitangaza kuzuia kuingizwa kwa magari binafsi ya mafuta. Rwanda iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zitakazosajiliwa Kigali ziwe za umeme, huku za petroli zilizokuwepo zikiachwa ziendelee. Amri inaweza kuwa nzuri, kwa sababu inawabana wote sawa na hakuna anayetenda wema peke yake huku jirani akimcheka. Lakini amri inayomwambia kijana anunue nini, bila kumwambia muuzaji mkataba uishe lini, imebana shingo moja na kuiachia nyingine.

Tena haki hii isiishie kwenye kijiwe chetu. Malori yanayoteremka kutoka Kolwezi kupitia Zambia na Tunduma mpaka bandari ya Dar es Salaam hubeba shaba na kobalti ya Kongo, nchi inayotoa sehemu kubwa mno ya kobalti ya dunia. Wapo wachimbaji wadogo kule, wanaozungumza Kiswahili kama wewe na mimi, wanaoshuka kwenye mashimo bila kofia. Kuna betri zisizotumia kobalti kabisa, na mabasi na pikipiki nyingi za umeme zinatumia hizo. Basi anayeniuzia betri aniambie ni ipi. Sitaki mtoto wa stendi apone kifua kwa vumbi la mtoto wa shimoni.

Msimamo wangu ni huu. Tunawajibika kubadilika, na mapema. Lakini wajibu huo una masharti ambayo dereva ana haki ya kuyadai kwa sauti, bila kuona haya na bila kuitwa mshamba. Mkataba wa betri uwe na siku ya mwisho, au uwe na bei ambayo mwenye hela anaweza kuinunua betri na kuondoka nayo. Betri ziwe za kipimo kimoja, kituo hiki kikifa kingine kikupokee. Chombo kisizimwe kikiwa barabarani na abiria juu, hata deni liwe kubwa namna gani. Mafundi wa mwarobaini wafundishwe, kwa sababu chombo ambacho mtaa hauwezi kukitengeneza ni chombo cha kuazima. Na serikali inayotaka hewa safi ya watu wote ilipie sehemu yake, isimwachie bili yote kijana wa hesabu.

Masharti hayo yakitimizwa, kisingizio nacho kinaisha. Siku atakapotokea mtu na bajaji ya umeme yenye mkataba unaosomeka na siku ya mwisho iliyoandikwa, nitarudi kwa yule mzee kama alivyoniagiza. Nitamwamkia, nitamwonyesha karatasi. Na kama ataisoma yote, akakosa kasoro, halafu bado akawasha ile ya moshi, basi nitamwambia kwa adabu zote kwamba kuanzia leo, mzee wangu, na huo moshi ni wako.